Mstari mweupe kwenye meno ya mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Maji ya Chai, Arusha. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Juzi nikiwa namwogesha alicheka, nikaona meno yake manne ya mbele ya juu yana mstari mweupe karibu na ufizi, na moja limeanza kuwa la kahawia. Ya chini ni mazima. Bado ananyonya, usiku huamka mara tatu au nne. Jioni dada wa kazi humlaza na chupa ya uji mwepesi wenye sukari ili atulie, maana mimi naamkia kazini. Mama mkwe anasema nisihangaike, hayo yatang'oka yenyewe. Jirani anasema ni meno ya nailoni, na kwa kuwa wiki iliyopita aliharisha na fizi zimevimba upande wa chonge, nimpeleke kwa mzee mmoja akayatoe. Mume wangu amekataza dawa ya meno kabisa, kwa sababu sisi wenyewe meno yetu ni ya kahawia kwa maji ya huku, anasema floridi, yale madini ya kwenye maji na dawa ya meno, imeshatosha. Nimsikilize nani? Na kaka yake wa miaka mitano nimfanyie nini?

JIBU

Marahaba, mama. Kabla ya mengine yote, mtoto asipelekwe kwa huyo mzee. Chonge za utotoni hutoka kati ya miezi 16 na 23, kwa hiyo fizi za binti yako zimevimba kwa sababu chonge ziko njiani, na ziko njiani kwa wakati wake. Kinachoitwa meno ya nailoni, au meno ya plastiki, ni machipukizi ya chonge hizo hizo. Yakichokonolewa kabla ya wakati hutoka yakiwa meupe na laini kwa sababu hayajakomaa, na ulaini huo ndio unaowaaminisha watu kwamba kweli ndani ya ufizi mlikuwa na kitu kisicho cha kawaida. Kinachofuata ni damu isiyokata, usaha, wakati mwingine pepopunda, na chombo kilichopita vinywani mwa watoto wengine kinaweza kumwachia virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Wapo pia wanaopona lakini wakakua bila chonge ya kudumu, au ikatoka imepinda, kwa sababu chipukizi lake hukaa jirani kabisa na lile la utotoni.

Kuharisha kwake hakukuletwa na meno. Mtoto anayeota meno hutia mdomoni kila anachookota, na vijidudu vya tumboni hupitia humo. Akiharisha tena mpe maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa kituoni, aendelee kunyonya na kula. Ukiona macho yamedidimia, anakataa kunywa, au kinyesi kina damu, usisubiri.

Sasa tuje kwenye mstari. Chukua kitambaa safi kikavu, inua mdomo wake wa juu kwa kidole, ufute jino. Weupe ukitoka, ulikuwa ukoga au mabaki ya maziwa. Ukibaki, hauna mng'ao na unafuata ukingo wa ufizi, hiyo ni hatua ya kwanza ya jino kuoza. Nakueleza hivi kwa sababu huko kwenu watu wamezoea madoa ya maji, na ni rahisi kudhani yote ni yale yale. Madoa ya floridi hayafuati ufizi. Hutapakaa usoni mwa jino kwa mistari ya mlalo au mabaka, huja kwa jozi kulia na kushoto, na jino hutoka nayo tangu siku ya kwanza. Meno ya mbele ya utotoni huathirika nayo kidogo kuliko magego. Jino lililotoka jeupe safi kisha likaota mstari ufizini baada ya miezi kadhaa, hilo linaoza.

Jino halianzi kuoza kwa tundu. Bakteria wanaoishi ndani ya ukoga hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli, yaani lile gamba gumu la nje. Enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba, karibu nusu ya ile ya meno ya kudumu. Ikipoteza madini inafifia na kuwa nyeupe ya chaki. Hapo uso wa jino bado haujabomoka, na madini yanaweza kurudi kutoka kwenye mate yakisaidiwa na floridi. Ikiachwa, uso unabomoka, panageuka kahawia, kisha panatoboka, na tundu likishafunguka halijizibi tena. Kwa mtoto mdogo safari hiyo nzima inaweza kuchukua miezi michache tu. Kwa hiyo meno matatu kati ya yale manne yana nafasi nzuri ya kukaa sawa bila mtu kuyachonga, ila nafasi hiyo si ya kuiweka mpaka likizo ya Desemba.

Umesema ya chini ni mazima. Mtoto anaponyonya, ulimi husogea mbele na kuyafunika meno ya chini, tena vijitundu vya mate vipo hapo hapo chini ya ulimi, yanaoshwa muda wote. Meno ya mbele ya juu hayana ulimi wa kuyafunika, na kinywaji hukaa nyuma ya mdomo wa juu. Kwa hiyo kinywa kinachooza juu mbele huku chini pakiwa pasafi humfanya daktari wa meno aulize kwanza mtoto analala na nini. Wewe umeshajibu kabla hujaulizwa.

Watu wengi huhesabu vijiko vya sukari. Mimi huanza kuhesabu saa. Mchana mtoto akila kitu kitamu, mate huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kuituliza asidi, kisha jino hupata nafuu mpaka mlo unaofuata. Usingizini mate hupungua sana na kumeza nako hupungua. Kijiko kimoja cha sukari kikinywewa kwenye uji saa kumi na mbili jioni kwa dakika kumi, jino linastahimili. Kijiko hicho hicho kikinyonywa kidogo kidogo tangu saa tatu usiku, chupa ikiwa mdomoni na mtoto ameshalala, asidi haipati mahali pa kuishia mpaka alfajiri. Rudia hivyo kila usiku kwa miezi minne na utapata meno uliyoyaona.

Kwa hiyo chupa ya usiku iondoke. Wapo wanaosema ikatwe siku moja. Kwa mtoto aliyezoea, mimi napendelea kama wiki moja ya kupunguza: usiku wa kwanza uji bila sukari, siku zinazofuata uji mwepesi zaidi na zaidi, mwisho maji matupu, na hatimaye kikombe kidogo cha maji kando ya kitanda badala ya chupa. Usiku mbili tatu zitakuwa za kilio, jipange zisiangukie siku una zamu ya mapema. Na dada wa kazi umweleze wewe mwenyewe, umwonyeshe na meno yenyewe. Yeye alipewa kazi ya kumtuliza mtoto na akapata njia inayofanya kazi. Ukimwambia tu "usimpe chupa" bila kumweleza sababu wala kumwachia namna nyingine ya kumbembeleza, chupa itarudi siku utakapochelewa.

Uji wenyewe sina ugomvi nao. Apewe kwa kikombe au kijiko, amekaa, awe ameumaliza kabla ya kupigwa mswaki. Sukari iache. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 linasema vinywaji vilivyotiwa sukari wasipewe kabisa, na hata juisi halisi ya matunda iwe kidogo. Uji wenye maziwa, au karanga zilizosagwa laini, una ladha yake. Binti yako atagoma mwanzoni kwa sababu ameshauonja mtamu. Atauzoea.

Na sukari haikai kwenye uji peke yake. Glukosi ya unga inayotiwa kwenye maji "ili apate nguvu", juisi za boksi, biskuti iliyochovywa kwenye chai, sirapu za kikohozi, nyonyo ya plastiki iliyochovywa asali, zote ni chakula cha bakteria wale wale. Asali na tende haziwi salama kwa meno kwa sababu tu zimetoka porini au mtendeni, na asali isipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu nyingine kabisa, inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wanaotoa sumu ya botulinamu. Soda chupa moja ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Lakini sitaki uishi kwa hofu. Kipande cha keki Jumapili baada ya chakula hakimwozeshi mtoto meno. Kinachomwozesha ni pipi ya kijiti anayotembea nayo tangu saa nne mpaka saa saba, au kikombe cha juisi anachokirudia kila akipita jikoni. Dawa za maji alizoandikiwa na daktari usiache kumpa. Mpe maji baadaye, na dozi ya usiku itangulie mswaki.

Kuhusu kunyonya, najua umeuliza kwa kuzungukazunguka. Usimwachishe ziwa kwa sababu ya meno. Miezi 12 ya mwanzo mtoto anayenyonya maziwa ya mama ana meno bora kuliko anayelishwa kwa chupa, na pendekezo la kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi linabaki pale pale. Baada ya mwaka mmoja mambo hubadilika kidogo. Mtoto mwenye meno mengi anayenyonya mara nyingi usiku, kinywa hakijasafishwa na mchana amekula vya sukari, yuko kwenye hatari zaidi. Maziwa ya mama yana laktosi, sukari ambayo peke yake ni dhaifu, lakini ikikuta ukoga uliokwisha kushibishwa sukari ya uji, inaongeza. Msafishe kinywa baada ya chakula cha mwisho, mnyonyeshe, na akishasinzia toa chuchu, asilale nayo mdomoni hadi asubuhi. Mara tatu au nne za usiku zishushe taratibu. Mtoto wa miezi 16 anayekula vizuri mchana mara nyingi huamka kutafuta mtu kuliko kutafuta maziwa, na baba yake naye ni mtu.

Nifike sasa kwenye hoja ya mume wako. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ameshika jambo la kweli, ila amelifungia mlango usio wake. Maji yanayotoka miteremko ya Meru yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa maji ya kunywa, cha Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, kabla ya kushuka nayo kwenye 1.5, na kuna chemchemi na visima upande wenu vinavyopita hapo mbali. Meno yenu ya kahawia yalitokea mlipokuwa wadogo: floridi iliyomezwa iliingia kwenye damu, ikafika ndani ya taya ambako meno ya kudumu yalikuwa yanaundwa, ikaharibu ufumaji wa enameli. Meno yakatoka yakiwa na madoa. Madhara yake yote yalipitia tumboni.

Faida ya floridi inapita njia nyingine. Kiasi kidogo sana kikiwa kwenye mate, juu ya jino lililokwisha kutoka, husaidia madini kurudi kwenye ule mstari mweupe na hufanya enameli iyeyuke kwa shida zaidi. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu wa Maji ya Chai ana meno ya kahawia na bado yana matundu. Maji yenye floridi nyingi hayamkingi mtu anayelala na uji wa sukari, na enameli iliyoharibiwa sana na floridi huwa na vitundu vidogo mno na hubanduka, ikawa mbaya zaidi.

Tufanye hesabu. Dawa ya meno yenye floridi ppm 1000 ina miligramu moja ya floridi katika kila gramu. Kipimo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu ni punje moja ya mchele, kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Hiyo ni miligramu 0.1. Mara mbili kwa siku ni 0.2, hata kama ataimeza yote. Chukulia sasa maji ya kisima chenu yana miligramu 5 kwa lita, na mtoto anapata nusu lita kwa siku, ukijumlisha ya kunywa na yaliyopikia uji. Hiyo ni 2.5, zaidi ya mara kumi. Mume wako amezuia 0.2 na kuacha 2.5 ipite. Kile anachokiogopa kiko kwenye ndoo, kwenye tyubu kipo kidogo mno.

Kwa hiyo mfanye yote mawili: dawa ya meno iwepo kwa kipimo cha punje ya mchele, na maji ya mtoto yabadilike. Taji za meno ya mbele ya kudumu ya binti yako zinaundwa hivi sasa ndani ya taya, na miaka mitatu ya mwanzo ndiyo huamua zaidi zitakavyotoka. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, inazidi kukolea. Vidonge vya klorini haviigusi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floridi, ila yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Chujio la mkaa wa mifupa linaiondoa, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati, na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, ambacho kiko upande wenu huo huo, kimefanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Ulizia kwao au kwa mamlaka ya maji chanzo chenu kina kiwango gani. Kama fedha haitoshi kubadilisha maji ya nyumba nzima, yabadilishe ya kunywa na kupikia ya watoto hawa wawili, ya kufulia na kuogea acheni. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo hubeba floridi, basi loweka maharage usiku badala yake. Chai ya rangi usimpe, majani ya chai yana floridi na yanazuia madini chuma. Maziwa yako wewe hayana shida: floridi karibu haipiti kwenye maziwa ya mama, hata kama mama anakunywa maji hayo.

Dawa yenyewe tazama pembeni ya boksi: ppm 1000 hadi 1450. Dawa ya kawaida ya dukani mnayotumia wakubwa mara nyingi iko humo. Zile za watoto zenye picha za katuni na ladha ya stroberi nyingine zina 500, nyingine hazina kabisa, na nyingine ni tamu kiasi kwamba mtoto anataka kuzila. Utamu wa dawa si kigezo. Mtu mzima ndiye aminye, na tyubu iwekwe juu asikofika mtoto, kwa sababu akila tyubu zima ni sumu.

Namna ya kupiga mswaki. Kaa kitandani au kwenye mkeka, mlaze mtoto kichwa chake kikiwa mapajani mwako, miguu ikielekea mbali nawe, umtazame kutoka juu. Mkisaidiana na dada mwenye kuishika mikono, kazi inaisha upesi. Inua mdomo wa juu kwa kidole, kwani nyuzi za mswaki zikigonga ile ngozi inayounganisha mdomo na ufizi ndipo mtoto hulia kwa haki. Mswaki uwe mdogo na laini, wake peke yake. Sugua polepole pale jino linapokutana na ufizi, nje na ndani, dakika moja hadi mbili. Povu lifute kwa kitambaa, usimsukutue kwa maji, ili floridi ibaki kidogo kwenye meno. Asubuhi na usiku. Siku ukishindwa ya asubuhi, ya usiku usiiache. Akilia, endelea kwa upole na wimbo, mdomo uliofunguka kwa kilio unasugulika vizuri tu. Mswaki wa mti waachie wakubwa. Kwa mtoto wa umri huu nyuzi zake ni ngumu na hazifiki kwenye ufizi wa nyuma.

Kila wiki inua mdomo ukaangalie mstari. Ukipungua weupe wake wa chaki na kurudi laini na wenye mng'ao, hata kama kovu jeupe limebaki, jino limepona.

Mama mkwe ana haki kwamba yatang'oka. Meno ya mbele hung'oka kati ya miaka 6 na 8, kwa hiyo haya ya binti yako yana miaka minne na nusu ya kazi, kwa uchache. Na hayo manne hayanitishi sana. Magego yake ya kwanza yanatoka miezi hii hii, ndani ya kinywa hiki hiki chenye bakteria waliozoea karamu ya usiku, na magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 9 hadi 12. Gego likioza mtoto hutafuna upande mmoja, halali, hapati uzito. Usaha kwenye mzizi unaweza kuharibu jino la kudumu lililo chini yake, na likitolewa mapema ya jirani husogea na kuziba nafasi, la kudumu likaja kutoka limepandiana. Kwa heshima zote kwa bibi, kina mama waliolea watoto miaka ya mwanzo ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari. Hakukuwa na ya kutia kwenye chupa kila usiku. Usibishane naye kwa vitabu. Mwonyeshe hilo jino la kahawia.

Hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye kitengo cha kinywa na meno kinatosha, hamna haja ya kukimbilia mbali. Kwa kawaida mtoto anapaswa kuonwa mara ya kwanza linapotoka jino la kwanza, au akifika mwaka mmoja. Mweleze daktari maji ya kwenu yalivyo. Anaweza kuyapaka meno yale matatu vanishi ya floridi, kazi ya dakika chache, na kurudia kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Lile la kahawia ataligusa aone kama ni gumu au limelainika. Kama limelainika lakini haliumi, kuna dawa ya floridi na madini ya fedha (silva) inayopakwa juu na kusimamisha kuoza. Shirika la Afya Duniani iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza inakuwa nyeusi kabisa na haitakati. Wazazi wengine huikataa kwa ajili hiyo. Mimi ningemchagulia mwanangu jino jeusi lililo gumu kuliko la kahawia linaloendelea kuliwa, lakini uamuzi ni wenu. Kama pana tundu dogo, linaweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa kwa simenti inayotoa floridi, bila mashine na mara nyingi bila sindano. Mbinu hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na sasa inatumika duniani kote. Ukiambiwa suluhisho la jino lisilouma ni kung'oa tu, omba maoni ya mtu wa pili.

Meno yako mwenyewe kama yametoboka, yatibiwe. Bakteria hawa mtoto huwapata kwa mate ya wanaomlea. Sisemi usimbusu wala usimwonjee uji kwa wasiwasi, hilo halina mwisho.

Akianza kuumwa, parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake, usimpe aspirini. Usimwekee ugoro, wala mafuta ya karafuu, ambayo kwa mtoto mdogo akiyameza yanaweza kudhuru ini. Uvimbe wa shavu au chini ya jicho, homa pamoja na kijipu cha usaha kwenye ufizi, kushindwa kumeza au kufungua kinywa, hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kaka yake wa miaka mitano anatumia dawa ile ile, kipimo ni punje ya njegere, ateme bila kusukutua. Mwache ajisugue kwanza kwa furaha yake, kisha wewe au baba yake mrudie, mpaka afike kama miaka saba au minane, kwa sababu mkono wake bado hauwezi kufika nyuma. Maji yake pia yabadilishwe, meno yake ya kudumu ya pembeni na ya nyuma bado yanaundwa. Na ukiwa unampeleka mdogo wake kliniki, nenda naye. Magego ya nyuma ya mtoto wa umri wake huanza kuoza kwenye vijibonde vya juu na katikati ya jino na jino, mahali ambapo wewe huwezi kupaona kwa kuinua mdomo.